Stika mpya, pini ya zamani: kisa cha pikipiki 16 za kijiwe kimoja Moshi

Majina ya watu, ya kijiwe na ya matajiri (wenye pikipiki) nimeyaondoa. Namba ninazozitaja ni za kwenye daftari langu, si za usajili.

Usuli

Kijiwe hiki cha bodaboda kiko pembeni mwa barabara moja inayotoka Moshi mjini kupanda Kibosho, miteremkoni mwa Kilimanjaro. Wakati huo kilikuwa na pikipiki 16. Tano zilikuwa mali ya madereva wenyewe, nne zilikuwa za mkataba (dereva analipa kidogo kidogo hadi iwe yake), na saba za matajiri: dereva alikuwa anapeleka hesabu ya shilingi 8,000 kila jioni, kinachobaki chake. Karibu zote ni za injini ya cc 125 au 150, breki za dramu mbele na nyuma.

Ukitaka kuelewa kisa hiki anza na mlima. Mji wa Moshi uko mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Vijiji vya Kibosho vimepita 1,300. Kwenda ni kupanda, kurudi ni kushuka. Na mzigo mzito ndio unaoshuka. Kupanda dereva anabeba abiria mmoja, labda na mfuko wa saruji. Kushuka anabeba mikungu ya ndizi, madumu ya maziwa, magunia ya parachichi. Juu ya hayo, wengi wakianza kushuka wanazima injini na kuachia frii, petroli isiungue bure. Kwa hiyo kazi ambayo injini ingesaidia, ya kuizuia pikipiki isikimbie, inaachiwa breki peke yake kwa kilomita kadhaa mfululizo.

Dereva wa pale anatembea kilomita 100 hadi 150 kwa siku. Chukua 120 kwa siku 300 za kazi: unapata 36,000 kwa mwaka. Sita kati ya zile 16 dashibodi zake zilikuwa zimekufa, waya wa spidomita umekatika au umekatwa, hivyo oili ilibadilishwa kwa kunusa na kwa kukumbuka.

Mimi nafundisha ufundi wa pikipiki. Wiki mbili kabla ya ukaguzi wa mwaka, ule wa trafiki wa kutoa stika, mwenyekiti wa kijiwe alinipigia: "Ticha, njoo utuangalizie kabla trafiki hajatuangalia."

Ukaguzi wetu wenyewe

Tulianza saa moja asubuhi chini ya mti wa mjohoro, pikipiki moja baada ya nyingine, mimi na kijana mmoja wa kijiwe anayejua spana. Tatu tu ndizo sikuandika kitu. Zote tatu zilikuwa za madereva wenyewe.

Taa zilikuwa hali mbaya kuliko nilivyodhani: 11 zilikuwa na hitilafu ya taa au indiketa, na katika hizo 9 taa ya breki haikuwaka kabisa. Mara nyingi balbu ilikuwa nzima. Kilichokufa ni swichi ndogo iliyo kwenye pedali ya breki, ile yenye springi, ambayo ikijaa tope la masika inaganda. Nyingine waya ulikuwa umekatwa na mtu aliyefunga keria mpya. Vioo: pikipiki 10 hazikuwa na hata kimoja. Kila mtu alikuwa na maelezo. Vinakwangua magari kwenye foleni, vinaibiwa, abiria anavishikia wakati wa kupanda.

Tairi za nyuma tano zilikuwa vipara katikati, kashata (meno ya tairi) zimebaki pembeni tu. Cheni nane zilikuwa zimevutika, na meno ya sproketi za nyuma yamelala upande mmoja kama ya msumeno. Nne ukiinua gurudumu la mbele na kuzungusha usukani taratibu, unasikia unakwama katikati, *tk*, halafu unaachia. Hizo ni beringi za usukani zilizochimba vishimo; zikifika hapo hata ukazie vipi haziponi.

Breki nitazieleza kwa kirefu maana huko ndiko kisa kilikolala. Breki ya dramu inalika ndani, jicho halifiki: shuu mbili zinatanuka na kubana ndani ya kitovu cha gurudumu. Nje unaona vitu viwili: kimkono kinachovutwa na fimbo ya breki, na nati ya kukazia mwisho wa hiyo fimbo. Shuu zikilika, pedali inazama. Dereva anakaza nati, pedali inapanda, naye anaona breki imepona. Kumbe kilichohama ni mahali kimkono kinapoanzia. Kwenye breki nzima, ukikanyaga, kimkono na fimbo vinafanya pembe mraba au kasoro kidogo. Kimkono kikishalala kupita hapo, nguvu ya mguu inapotea njiani, na kule ndani kamu, kile chuma kinachozitanua shuu, inakaribia kupinduka. Pikipiki nyingi zina kishale kwenye kamu na alama kwenye sahani ya breki (mfuniko wa dramu unaobeba shuu) ya kukuonyesha umefika mwisho. Kati ya madereva 16, wawili ndio walijua kile kishale ni cha nini. Pikipiki saba vimkono vilikuwa vimelala.

Breki za mbele zilikuwa na shida ya aina yake. Sita zilikuwa zimelegezwa kwa makusudi. "Ya mbele inapindua, ticha," walisema, na mmoja akanionyesha kovu kama ushahidi. Ni kweli ukiibana ghafla kwenye changarawe itakulaza. Lakini pikipiki inapofunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele, na zaidi sana mteremkoni. Dereva aliyeilegeza ameacha sehemu kubwa ya breki yake nyumbani.

Tulichoamua, na kwa nini

Mfuko wa kijiwe ulikuwa na shilingi 480,000. Nilipopiga hesabu ya kila kitu, cheni, tairi, shuu, beringi, vioo, taa, ilipita milioni moja na laki mbili, bila pesa ya fundi.

Matajiri walipigiwa simu. Wawili walituma pesa ya tairi siku hiyo hiyo. Mmoja alisema spea ndogo ni za dereva, kubwa ni zake. Tukamuuliza shuu za breki ni ndogo au kubwa? Akasema atapiga baadaye.

Palitolewa wazo la kuazimana, na halikuwa geni: mwaka uliotangulia jozi tatu za vioo zilizunguka pikipiki tisa siku moja, zikifungwa nyuma ya kibanda cha chipsi na kufunguliwa mkaguzi akishahama. Mwenyekiti alilikataa. Si kwa uadilifu tu, alisema waziwazi. Mwaka ule mkaguzi alishakiona kioo kimoja chenye ufa mara mbili.

Kwa hiyo tuligawa. Kwenye daftari nilichora safu mbili: "Lazima kabla ya ukaguzi" na "Inaweza kusubiri". Kwenye lazima nikaweka taa, vioo, honi, tairi vipara na breki ambazo hazishiki kabisa. Kwenye kusubiri nikaweka cheni, usukani na breki ambazo zinashika ukizikaza. Hoja yetu ilikuwa ya mfukoni: pikipiki isiyo na stika inakamatwa, ikikamatwa hailazi hesabu, na dereva asiyelaza hesabu siku tatu ananyang'anywa funguo. Cheni iliyovutika haijawahi kumkosesha mtu kazi siku hiyo hiyo.

Niliona ni sawa, na nilisaini mwenyewe.

Pikipiki namba 7 ilikuwa ya tajiri, miaka mitatu barabarani. Niliandika: "Cheni imevutika, ivutwe nyuma. Breki nyuma: kaza, angalia tena." Kuivuta cheni maana yake ni kulegeza ekseli na kurudisha gurudumu nyuma. Gurudumu likirudi nyuma, fimbo ya breki inajivuta yenyewe, kwa hiyo breki inapaswa kurekebishwa upya. Kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalifikirii: kipande cha chuma bapa kinachoshika sahani ya breki kwenye mkono wa nyuma wa fremu, ili sahani isizunguke pamoja na gurudumu. Mafundi wa mtaani wengi hawana jina lake, wanaita tu "kile chuma". Boliti yake inalegezwa, inakazwa tena, na mwisho wa nati inapita pini ya miguu miwili inayokunjwa ili nati isitoke. Pini ya namba 7 ilikatika tulipoitoa. Dukani kwa mangi zilikuwa zimeisha. Kijana wa spana akapitisha kipande cha waya wa kufungia nondo, akakikunja vizuri. Nilikiona, nikasema kitatusogeza.

Siku ya ukaguzi

Sehemu hii ni fupi. Mkaguzi alikuwa makini na hakuwa na haraka. Alipiga taa zote, akabonyeza honi, akakanyaga breki pikipiki ikiwa imesimama huku akiisukuma, akaangalia tairi, vioo, helmeti mbili, leseni na bima. Pikipiki 14 zikapata stika. Mbili zilirudishwa, moja kwa eksozi iliyotobolewa, nyingine kwa rimu iliyopinda.

Jioni tulikunywa soda. Nilipigwa picha.

Wiki ya tano

Dereva wa namba 7 alipakia mikungu mitatu ya ndizi huko juu, bila abiria, asubuhi yenye manyunyu. Aliniambia baadaye akiwa amelala kitandani kwamba siku nne kabla cheni ilianza kupiga kelele tena, akaivuta kwa fundi wa njiani kulekule mlimani. Fundi yule alifungua waya, akavuta, akakaza nati, na waya hakuurudisha. Ulikuwa umechoka na kukatika vipande viwili. Dereva hakujua kama una kazi yoyote. Alidhani ni uchafu.

Akashuka. Injini imezimwa, frii. Kwenye kona ya pili baada ya daraja dogo alikanyaga breki na kusikia, kwa maneno yake, "kama mtu amevunja kuni." Gurudumu la nyuma likaganda palepale. Pikipiki ikaenda ubavu kwenye lami yenye maji, ikaruka ukingo, ikaishia ndani ya mfongo, mfereji wa kumwagilia. Ndizi zikatawanyika, akina mama wakazikusanya na kumwekea pembeni, hakuna hata chane moja iliyopotea. Yeye alivunjika mguu wa kushoto chini ya goti na kuteguka bega. Alikuwa amevaa helmeti, na ilipasuka.

Niliifuata pikipiki siku hiyo hiyo. Fimbo ya breki ilikuwa imejikunja kama ndoana. Sahani ya breki ilikuwa imezunguka karibu robo duara kutoka mahali pake. Kile chuma bapa kilikuwa kinaning'inia upande mmoja, na boliti ya upande wa sahani haikuwepo. Tundu lake halikuchanika wala kutanuka. Boliti ingevunjika kwa nguvu ya breki, ningekuta kipande kimebaki ndani au kingo zimeumia. Palikuwa safi. Ilitoka yenyewe: nati ililegea kwa mtikisiko, ikadondoka mahali fulani kati ya Kibosho na mjini, boliti ikafuata. Kilichobaki kuishika sahani ni fimbo ya breki, ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Alipokanyaga kwa nguvu, sahani ikazunguka na gurudumu, ikaivuta fimbo, fimbo ikazidi kuikaza breki, na gurudumu likafungwa.

Shuu nilizifungua pia. Zilikuwa zimeng'aa kama kioo na zimebaki unene wa kucha. Kama sahani isingezunguka siku ile, sijui zingemshusha milima mingapi zaidi.

Baada ya ajali

Tajiri aliichukua pikipiki akaitengeneza na kumpa dereva mwingine wa kijiwe kingine. Bima ilikuwepo, lakini ile ndogo inamlinda mtu wa tatu, haimlindi dereva aliyejiangusha mwenyewe. Matibabu yalilipwa kwa michango ya kijiwe, kanisa na shangazi yake.

Kijiwe kilikutana mara tatu. Mkutano wa kwanza ulikuwa wa kumtafuta wa kulaumiwa, na nilipewa nafasi yangu. Nilileta daftari, nikafungua ule ukurasa, nikasoma kwa sauti: "Kaza, angalia tena." Nikawaambia sikuangalia tena. Palikuwa kimya kidogo, kisha mwenyekiti akasema, "Basi ticha, sasa tuangalie."

Mambo mawili yalitoka humo. La kwanza, kila Jumatatu kabla ya saa moja, madereva wanakaguana wawili wawili, kila mmoja akikagua pikipiki ya mwenzake, kamwe si yake. Haizidi dakika kumi: pembe ya kimkono cha breki, boliti ya kile chuma na pini yake, klipu ya cheni, usukani. La pili lilikuwa gumu: kuwaomba matajiri wapunguze hesabu kutoka 8,000 hadi 7,500, ile 500 iingie kwenye kopo la spea la pikipiki husika. Wenye pikipiki nne walikubali. Wa pikipiki mbili walikataa. Mmoja alisema atakuwa analipia madereva walevi.

Miezi sita baadaye nilikagua tena, pikipiki zikiwa bado 16. Mahali pa namba 7 iliingia nyingine ya dereva mwenyewe. Vimkono vilivyolala vilikuwa viwili tu, kutoka saba. Cheni mbovu tatu. Breki za mbele zilizolegezwa ni mbili, na hilo lilinishangaza. Nadhani lile kovu lilipata mpinzani. Taa za breki zisizowaka nne. Vioo vilirudi karibu vilipokuwa: pikipiki nane hazina.

Uchambuzi

Tuliyakosea mambo kwenye safu mbili za daftari. Niligawa hitilafu kwa swali la mkaguzi: nini kitaonekana? Swali la mlima ni jingine: nini kitaachia, pikipiki ikiwa na kilo mia mgongoni na injini imezimwa? Balbu na shuu hazipaswi kugombea pesa moja, lakini zikigombea, balbu inashinda kwa sababu ina mtu anayeiangalia.

Simlaumu mkaguzi. Breki ya pikipiki iliyosimama inashika hata ikiwa shuu zimebaki kucha. Hata Uingereza, ambako pikipiki ikitimiza miaka mitatu inapimwa kila mwaka, taa na ishara zimo kwenye yale yanayofelisha pikipiki nyingi zaidi kwenye ukaguzi. Lakini kule breki inapimwa nguvu yake kwa mashine au kwa kuendeshwa, na tairi la pikipiki inayozidi cc 50 linadaiwa kashata yenye kina cha milimita 1 angalau. Kituo chetu hakikuwa na roli za kupimia. Kilichokuwepo ni macho, mguu na foleni ya pikipiki mia.

Pili, cheni na breki ya nyuma si vitu viwili. Sisi tuliviandika kwenye mistari tofauti, na hapo ndipo tulipotelezea. Kila cheni inapovutwa, breki inaguswa. Na kila gurudumu linaporudishwa nyuma, kile chuma kinafunguliwa. Cheni iliyokwisha inavutwa kila wiki mbili badala ya kila mwezi, hivyo boliti ile inafunguliwa mara mbili zaidi, na watu wengi zaidi wasiojuana. Seti mpya ya cheni na sproketi ingegharimu shilingi 38,000 siku ile. Tuliiahirisha kuwa haina hatari, na kwa yenyewe haikuwa nayo. Hatari ilikuwa kwenye spana zilizoifuata.

Waya wa nondo ninaurudia kichwani mara nyingi. Kama kitu cha muda haukuwa mbaya, ulishika majuma manne. Ubaya wake ni kwamba haukufanana na kitu chenye kazi. Pini halisi fundi yeyote akiiona anajua inarudishwa. Waya wenye kutu anautupa.

Kilichofanya kazi vizuri, kwa maoni yangu, ni kukagua pikipiki ya mwenzako. Nilitegemea daftari ndilo litawabadilisha. Daftari liliachwa wiki ya tatu, lilinyeshewa na hakuna aliyelililia. Lakini dereva akiiona breki ya rafiki yake imelala anamtania mbele ya abiria, na utani wa kijiweni unauma kuliko faini. Zile breki za mbele zilikazwa kwa matani, si kwa somo langu la uzito kukimbilia mbele.

Mgawanyo wa "spea ndogo za dereva, kubwa za tajiri" bado uko palepale kwenye pikipiki mbili zile. Wakati ule shuu ziligharimu shilingi 6,000 hivi. Kwa tajiri ni ndogo mno kupigiwa simu. Kwa dereva aliyebakiwa na 4,000 jioni ni kubwa mno. Kwa hiyo kila mmoja anakaza nati.

Dereva wa namba 7 alirudi barabarani mwezi wa nne baada ya ajali akiwa na pikipiki ya mkataba. Goti halikunji lote. Juma lile lile alininunulia pini za miguu miwili pakiti nzima, akaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga na kulitundika kwenye mjohoro. Mara ya mwisho nilipopita kopo lilikuwa limefika nusu, na pikipiki moja ya wale waliokataa ilikuwa imeegeshwa chini yake, ina waya.